Niliwaona Mkiimba, Lakini Sikuwasikia

Mazungumzo ya Katibu wa Kwaya kwa wanakwaya, vijana wa mitambo na washirika, katika juma la maandalizi ya jubilei ya miaka 25. Yamechapishwa hapa kwa ombi la kamati ya jubilei.



Kamati imenipa dakika ishirini, na mada niliyopewa iliwachekesha wengine wenu ilipotangazwa Jumapili: namna ya kutoa sauti safi kwenye miksa na kuiingiza kwenye kamera. Nilimsikia ndugu mmoja wa sauti ya nne akinong'ona, "Hayo si mambo ya vijana wa mitambo?" Ndugu yangu, keti vizuri. Kabla sijamaliza utaona kwamba ni yako pia.

Kwanza nikiri jambo. Mimi ni mwalimu wa shule. Nina diploma ya ualimu, na sina cheti chochote cha umeme. Haya nitakayosema tumejifunza kwa kukosea, na baadhi ya makosa yalikuwa yangu mimi katibu, kwa sababu ya kuharakisha watu.

Wale wa zamani mnakumbuka video zetu za kwanza. Kamera iliwekwa nyuma kabisa, juu ya meza ya watoza sadaka, na sauti ikanaswa na kipaza sauti kidogo kilichomo ndani ya kamera yenyewe. Nimezitazama tena mwezi huu nikitafuta picha za kijitabu hiki. Nyuso zinaonekana vizuri. Lakini anayeongoza wimbo ni mtoto aliyekuwa akilia karibu na kamera, makanga wa matatu anajibu kutoka barabarani, na mbuzi wa Kiamaiko wanaimba sauti ya tatu. Kwaya iko mbali kama watu walio upande wa pili wa mto.

Sababu yake ni rahisi. Kipaza sauti hakijui kilicho muhimu. Kinajua kilicho karibu. Sikio lako linaweza kuchagua kusikiliza kwaya na kuacha mtoto, kwa kuwa nyuma ya sikio kuna akili. Nyuma ya kipaza sauti kuna waya tu. Tena sisi tunaimba chini ya mabati, na sauti hugonga bati, ikagonga ukuta, ikarudi mara nyingi kabla haijafika nyuma. Kamera ikikaa huko nyuma inanasa mwangwi zaidi kuliko kinywa cha mwimbaji.

Ndiyo maana watu huchukua sauti kutoka kwa miksa. Pale sauti iko karibu na kinywa, imetoka kwenye maiki iliyo mbele ya mwimbaji. Ni jambo jema. Lakini kati ya miksa na kamera kuna waya mmoja, na waya huo ndio uliotuangusha mara mbili.

Tulianza mwaka 2020. Mnakumbuka makanisa yalivyofungwa mwezi wa Machi kwa ajili ya korona. Yalipofunguliwa Julai, yalifunguliwa kwa masharti: watu wasizidi 100, ibada isizidi saa moja, na wenye umri wa zaidi ya miaka 58 pamoja na watoto wadogo wakae nyumbani. Fikirini maana yake kwa kwaya hii. Waliotuanzisha, mama zetu na baba zetu, waliambiwa wasije. Basi tukasema tutarekodi ibada kwa kamera na kuwatumia kwenye simu, wapate kuabudu pamoja nasi.

Jumapili ya kwanza kijana wetu alichukua sauti kwenye tundu la miksa lililoandikwa REC, akaichomeka kwenye tundu la maiki la kamera. Picha nzuri. Sauti ilikuwa kama bati linalokwaruzwa. Kila mwimbaji wa sauti ya kwanza alipopanda juu, sauti ilipasuka. Tukapunguza sauti kwenye kamera. Ikawa sauti ndogo, bado imepasuka.

Hapa niruhusuni nifundishe kama niko darasani. Maiki hutoa umeme mdogo sana, sehemu chache tu kati ya elfu za volti moja. Tundu la maiki la kamera limetengenezwa kupokea kiasi hicho kidogo na kukikuza. Lakini miksa imekwisha kukuza sauti tayari. Tundu kama lile la REC hutoa takriban volti 0.3, na matundu makubwa ya kitaalamu hutoa kama volti 1.2. Hiyo ni mara 100 au zaidi ya kile kamera inachotarajia. Ni sawa na kumimina mtungi mzima wa lita 20 kwenye kikombe cha chai kwa mkupuo mmoja.

Kwa nini kupunguza kwenye kamera hakukusaidia? Kwa sababu kupasuka kulitokea mlangoni, kabla sauti haijafika pale tulipopunguzia. Kikombe kimekwisha kufurika, wewe unahamisha kikombe. Sauti iliyopasuka hivyo imekatwa kilele chake, na kilichokatwa hakikuandikwa popote. Hakuna fundi atakayekirudisha. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki.

Nikaja na haraka zangu. Nikamwambia kijana, "Tafuta waya mwingine, Jumapili haitungoji." Akaenda Luthuli Avenue, akanunua waya wenye kichwa kikubwa cha XLR cha pini tatu upande mmoja na jeki ndogo ya stereo upande wa pili. Akatoa sauti kwenye tundu la MONO la miksa, ambalo lina kitufe chake cha kuzungusha, akapunguza mpaka kamera ikatulia. Tukavaa hedifoni tukasikiliza. Haikupasuka. Ilisikika ajabu kidogo, kana kwamba imekaa nyuma ya kichwa, lakini kila neno lilikuwepo. Tukamshukuru Mungu, tukatuma video.

Jumanne nilipita kumwona Shosho wetu wa sauti ya pili. Wengi mnajua ninayemsema. Alikuwa mmoja wa wanawake saba walioanza kuimba katika chumba cha kukodi kabla hatujakuwa na kiwanja. Nilisimama mlangoni na barakoa yangu. Nikamuuliza, "Shosho, ibada umeiona?" Akanijibu kwa upole, "Niliwaona mkiimba, lakini sikuwasikia." Nikafikiri ni simu. Akasema simu ni nzima, kwa kuwa akipigiwa anasikia. Kisha akaniambia kitu ambacho sijakisahau: kwamba alikuwa amemwomba mjukuu wake ampeleke hospitalini, kwa sababu masikio yake yalikuwa yameanza kufa.

Nikachukua simu yake nikafungua video. Ni kweli. Midomo yetu ilikuwa ikienda, na kwenye spika ya simu kulikuwa na mvumo mdogo, na sauti nyembamba kama ya inzi ndani ya chupa. Mjukuu akaleta iafoni zake za kusikilizia. Upande mmoja wa zile iafoni ulikuwa umekufa, unalia mmoja tu. Akamwekea nyanyake sikioni. Shosho akatulia, halafu akaanza kuimba pamoja nasi.

Iafoni mbovu ilimpa sauti, na simu nzima ikamnyima. Nilirudi nyumbani nikiwa nimechanganyikiwa. Kesho yake nikaenda kwa fundi wa redio hapa mtaani, nikamweleza. Hakufungua kitu chochote. Alitazama ule waya, akatabasamu, akanieleza, nami nawaeleza ninyi.

Tundu la XLR lina pini tatu. Pini 1 ni ya ardhi. Pini 2 hubeba sauti. Pini 3 hubeba sauti ileile iliyogeuzwa: pini 2 ikipanda, pini 3 inashuka kwa kiasi kilekile. Limefanywa hivyo kwa hekima, ili kifaa cha upande wa pili kitofautishe sauti na kelele zilizoingia njiani. Lakini jeki ndogo ya kamera haijui habari hiyo. Yenyewe inajua kushoto na kulia. Basi waya wetu ulipeleka pini 2 kushoto na pini 3 kulia. Ukivaa hedifoni, kila sikio linapata upande wake na unasikia. Ukisikiliza upande mmoja tu, unasikia vizuri kabisa. Lakini simu yenye spika moja huchanganya kushoto na kulia kuwa kitu kimoja. Mmoja anapanda, mwenzake anashuka, wanafutana. Ni kama watu wawili wenye nguvu sawa wanaosukuma mlango, mmoja akiwa ndani na mwingine nje. Wote wanatoka jasho na mlango hausogei.

Kwa hiyo wapendwa, sisi tuliokuwa na hedifoni nzuri tulisikia. Wazee wetu waliokuwa nyumbani na simu ndogo, ambao video ilitengenezwa kwa ajili yao, ndio waliokosa. Na mmoja wao alijilaumu masikio yake. Tangu siku hiyo kwaya hii ina sheria: hakuna video inayotumwa kabla haijasikilizwa kwenye spika ya simu ya bei rahisi kuliko zote tulizonazo.

Yule fundi alitutengenezea waya mpya. Alichukua rezista mbili tu. Moja ya om 10,000 akaiweka njiani, na nyingine ya om 100 akaiweka kati ya sauti na ardhi upande wa kamera. Piga hesabu utaona kwamba kinachofika kwenye kamera ni kama sehemu 1 kwa 100, yaani desibeli 40 zimepunguzwa. Mtungi sasa unamimina kiasi cha kikombe. Akaongeza kapasita ya kuzuia ule umeme mdogo ambao kamera nyingi hutoa kwenye tundu la maiki. Upande wa miksa akafunga jeki kubwa ya robo inchi, ili tutoe sauti kwenye tundu la AUX. Upande wa kamera akaunganisha kushoto na kulia vipokee sauti ileile, bila kugeuzwa. Vyote vilitugharimu pungufu ya kilo moja ya nyama ya mbuzi pale chini. Waya za namna hiyo huuzwa pia zikiwa tayari. Na kamera ikiwa na matundu ya XLR na swichi ya MIC na LINE, iweke kwenye LINE na uzime ule umeme wa volti 48. Hapo huhitaji rezista.

Sasa mvumo. Mara nyingine mnasikia "mmmmm" chini ya wimbo, hata kabla kinanda hakijaguswa. Stima yetu Kenya hutetema mara 50 kwa sekunde, na mvumo huo ni stima inayotafuta njia. Miksa ikiwa kwenye soketi moja na chaja ya kamera kwenye soketi nyingine, waya wa sauti unakuwa daraja kati ya ardhi mbili, na stima kidogo inapita humo. Jaribio ni hili: chomoa chaja, tumia betri. Mvumo ukiisha, umemjua mwizi. Tumieni betri iliyojaa na nyingine ya akiba, au chomekeni vyote kwenye soketi ya ukuta mmoja. Kama lazima iwe mbali, kuna kisanduku cha transfoma cha kutenganisha. Lakini sikilizeni vizuri, na hili nalisema kwa sauti ya ualimu: mtu asikate wala kung'oa waya wa ardhi kwenye plagi ili kuondoa mvumo. Waya huo ndio unaomlinda mwimbaji aliyeshika maiki ya chuma. Heri mvumo kuliko msiba.

Jambo la mwisho la kitaalamu ni hili. Mchanganyiko unaofaa kanisani haufai kwenye kamera. Ngoma zetu zinasikika mpaka barabarani bila maiki, kwa hiyo aliye kwenye miksa haziongezi. Gitaa lina spika yake. Yeye huinua kinanda na waongozaji tu. Ukirekodi hicho kilicho kwenye miksa, utapata kinanda kikubwa, mwongozaji mmoja, na kwaya ya watu thelathini imekuwa kama watu wanne.

Ndiyo sababu tunatumia AUX. Kila mstari wa miksa una kitufe chake cha AUX, na kwa hivyo unaweza kupika chungu cha pili kwa ajili ya kamera, chenye chumvi yake, bila kugusa chungu cha kanisa. Iwe ile inayoweza kuwekwa PRE, yaani inachukua sauti kabla ya kile kitelezi cha kusukuma juu na chini, ili kijana akishusha mtu kanisani asimshushe pia kwenye video. Halafu wekeni maiki moja mbele ya ukumbi inayosikiliza nyumba nzima: kwaya, ngoma, makofi, na vigelegele vya akina mama. Mkiwa na kamera ya njia mbili, miksa iingie njia moja na maiki ya ukumbi njia ya pili, mzichanganye baadaye. Video isiyo na "amina" ya washirika ni kama chakula kisicho na chumvi.

Mkichanganya, kumbukeni kwamba sauti husafiri polepole, kama mita 345 kwa sekunde. Maiki ikiwa mita 14 kutoka kwa kwaya, sauti yake inachelewa kama picha moja kamili ya video ya picha 25 kwa sekunde. Pigeni makofi mara moja mbele ya kamera kabla ya kuanza. Yale makofi ndiyo alama ya kulinganishia.

Vijana wa mitambo, siku ya jubilei fanyeni hivi. Zimeni ile tabia ya kamera ya kujirekebishia sauti yenyewe, maana kwaya ikinyamaza huinua kelele. Pimeni kwa wimbo wetu mkubwa kuliko wote, katika kibwagizo, pale ambapo sauti ya kwanza inapanda. Kipimo kicheze karibu na -12, na kisiguse 0 hata mara moja. Rekodini dakika moja, ichezeni kwenye ile simu ndogo. Mkisikia kila sauti, bonyezeni kitufe chekundu.

Nanyi wanakwaya, ndugu yangu wa sauti ya nne ukiwemo, hapa ndipo inapokuwa yako. Fikeni mapema kwa majaribio, wote, kwa sababu kwaya nusu ikipimwa, kwaya nzima itapasua. Katika majaribio imbeni kwa nguvu mtakayoimba siku yenyewe. Msinong'one halafu mkanguruma mbele ya wageni. Msipulize maiki wala kuigonga kwa kidole. Anayeongoza ashike maiki umbali wa shubiri moja kutoka kinywani, na asiirudishe nyuma kila anapofika mwisho wa mstari. Mtu akisimama karibu na stendi ya maiki, asiisogeze ili aonekane vizuri kwenye picha. Na tafadhali, msimpungie mkono kijana wa miksa aongeze sauti yako. Amepanga. Mwacheni.

Namalizia. Masharti yalipolegezwa, Shosho alirudi kanisani. Jumapili hiyo tulikuwa na waya mpya, na mwalimu wa kwaya akamwomba aongoze ubeti mmoja. Aliuongoza ameketi. Tulisikiliza rekodi kwenye ile simu ndogo pale pale, baada ya ibada, yeye akiwa katikati yetu. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kumbe hata pumzi yangu imo." Mwaka jana tulimsindikiza kaburini, kama mnavyojua. Katika miaka yote aliyoimba nasi, ule ubeti ndio pekee tulionao ambao sauti yake inasikika. Kila mahali pengine anaonekana tu.

Tutaucheza siku ya jubilei baada ya sadaka, kama ratiba inavyoonyesha. Mtakapousikia, mtazameni aliyeketi kando yako. Yeye naye ameimba miaka mingi. Jiulize kama tumewahi kumnasa.

Mungu aibariki kwaya yetu, na awabariki nyote.